Mwaka Tuliokunywa Maua ya Makaburini

Tulimzika Rebeka kule Bunda mwezi uliopita. Watu walikuwa wengi mpaka sahani ziliisha mara tatu, na mimi, ambaye misibani nakulaga kama mtu anayejiandaa kuvuka jangwa, nilikula matonge mawili nikanawa. Sababu ni ule wasifu. Mwanawe wa pili, aliyeusoma, alifika mahali pa kusema kwamba marehemu alifiwa na mama yake akiwa na miaka ishirini na mbili, baada ya mama huyo kuuawa na mganga wa kienyeji huko Butiama kwa kunyweshwa maua. Waombolezaji wakatikisa vichwa. Mwanamke aliyekaa karibu nami kwenye turubai akanong'ona, "Waganga hawa wangefungwa wote." Nikasema ndiyo. Nina miaka hamsini na sita, na nimekuwa nikiitikia maneno ya namna hiyo kwa miaka thelathini na saba. Sasa Rebeka amelala, Bibi Wakuru mwenyewe alishatangulia zamani, na hakuna tena wa kuumizwa na ukweli isipokuwa mimi, na mimi nina ngozi ya kiboko.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina kazi, sina mchumba, nina mdomo tu. Mama yake Rebeka alikuwa Perusi, mdogo wake mama yangu, nasi tulimwita mamdogo. Aliuza furu na dagaa sokoni Musoma, na alikuwa na sauti ambayo akiitangaza bei Musoma, wa Mugango walikuwa wanaanza kutafuta vikapu. Sukari ilimkamata, akakauka. Hospitali walikuwa wameshamkata kidole gumba cha mguu wa kushoto, kisha siku moja akamsikia daktari, nyuma ya pazia, akimwambia mwenzake kwamba mguu wenyewe hauna muda. Jioni ile ile alitoka wodini amejifunga kanga ya mgonjwa wa kitanda cha pili. "Mguu nimezaliwa nao, nitaondoka nao," alitwambia, na hapo hapo akaomba ugali. Ndugu wakakaa kikao. Mmoja alikuwa amesikia kwamba kuna bibi Butiama anatibu sukari kwa maua, wagonjwa wanakaa kwake mpaka wapone. Wakampeleka, na mimi nikapewa kazi ya muuguzaji, kwa kuwa katika ukoo mzima ndimi niliyeonekana sifanyi kitu.

Ua lenyewe unalijua hata kama hulijui jina. Lina petali tano za rangi ya waridi inayoelekea zambarau, na katikati kijicho chekundu. Liko pembeni mwa ngazi za makanisa, liko kwenye makopo ya rangi mbele ya ofisi za kata, na zaidi ya yote liko makaburini, kwa sababu halidai maji, mbuzi hawalitaki, na linachanua mwaka mzima bila kubembelezwa. Bwana shamba aliwahi kututajia jina lake la kitabuni, refu kama treni ya Kigoma, nikalisahau kabla hajafunga mdomo. Sisi tuliliita ua la makaburini. Kwa Bibi Wakuru lilizunguka uwanja wote na kushuka bondeni mpaka kwenye zizi, maua laki moja, na anayebisha angekuja kuhesabu. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwanakwaya wa benchi la mbele, hana hirizi, hapigi ramli. Ukimuuliza habari za mizimu alikuuliza kama umeoga. Majani ya ua hilo alichemsha akaoshea vidonda. Aliyeumwa na nyigu alipakwa majani yaliyopondwa. Lile jeupe, ndugu yake, aliliweka kwenye maji mpaka kesho yake akasafishia macho ya watoto. La waridi ndilo lilikuwa la sukari: maua tisa, majani machanga kiasi cha kiganja, yanachemka mpaka maji yawe kama chai iliyokosa majani, kikombe kimoja cha bati asubuhi na kimoja jioni. Nilionja siku ya kwanza. Nilitema mate mpaka Ijumaa.

Pale kwake muuguzaji ndiye aliyechuma dawa ya mgonjwa wake, na toka anapokata ua la kwanza mpaka yote yanapozama kwenye maji, hasemi neno. Hata salamu haitikii. "Ukiongea, dawa inakusikiliza wewe, inamsahau mgonjwa," Bibi Wakuru alinifundisha. Kwangu mimi, ninayeongea hata nikiwa na samaki mdomoni, hatua mia moja kutoka bustanini mpaka jikoni zilikuwa mbali kuliko Dodoma, na wagonjwa waligundua udhaifu huo mapema. Mzee Magesa, mkulima wa pamba kutoka Bunda aliyekuwa anatibiwa kidonda cha muundi, alikuwa anavuta kigoda chake njiani makusudi. "Nyangeta, mjukuu wangu, nasikia umeposwa na yule fundi baiskeli wa meno matatu. Ukinyamaza najua umekubali." Nilipita mashavu yamevimba, maua mkononi, uwanja mzima unacheka, na mamdogo anacheka kuliko wote, anajifuta machozi kwa pindo la kanga. Nikishazamisha maua ndipo narudi. "Babu, matatu yanatafuna. Wewe yako yako wapi?" Na yeye: "Yalikwisha kwa kumng'ata bibi yako." Ninapoukumbuka mwaka ule nasikia kwanza kicheko hicho, na sipendi kwamba nakisikia kwanza.

Sharti lililotutisha lilikuwa jingine. Mgonjwa akikutwa na vidonge vya hospitali alifungiwa mzigo siku hiyo hiyo. Nilimwona mama mmoja wa kando ya ziwa akiondoka namna hiyo na godoro kichwani, mwanawe nyuma na sufuria. Tulidhani ni wivu wa kazi. Lakini Bibi Wakuru, akichochea moto, alisema taratibu, "Sina ugomvi na daktari. Ila mimi sijui anachompa, na yeye hajui ninachompa. Nitapimaje?" Siku hizi nikiyakumbuka maneno hayo naona hakuna aliyesema jambo la kidaktari zaidi katika uwanja ule. Wakati ule nilimwangalia mamdogo, na mamdogo akawa anaangalia vidole vyake vya miguu, vile tisa, kama mtu anayevihesabu.

Kwa maana sisi vidonge tulikuwa navyo. Rebeka alishona sare za shule Bunda, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alikuja na unga wa dagaa kwenye kopo la maziwa. Ndani ya unga kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kibahasha cha vidonge vya sukari. Chumba chetu kilikuwa kidogo, ukinyoosha miguu unampiga jirani teke, dirisha lake lilitosha kupitisha kitabu cha nyimbo tu. Humo ndimo tulinong'ona, tumekaa watatu kwenye godoro moja, tunakula ndizi za kuchoma alizokuja nazo.

"Mama, maua sikatazi. Kunywa hata msitu mzima," Rebeka alisema. "Ila hivi umeze, asubuhi kimoja, jioni kimoja, ukishakula. Nyangeta, umesikia? Akishakula."

"Nimesikia, dada."

"Na bibi asijue."

"Akijua tunalala barabarani," mamdogo akasema, "na huu mguu nauona unarudi. Acheni kelele, mmalize ndizi."

Na mguu ulirudi kweli. Kidonda pale palipokatwa kidole kilikauka, kikafunga, ngozi ikaota nyororo. Kiu ikapungua, mwanzoni mamdogo alikuwa anamaliza mtungi kabla jogoo hajawika mara ya pili, na kufikia miezi ya mavuno alikunywa kama sisi. Akaanza kuuza tena: alinunua dagaa wa Mugango kwa watu wapitao na kuwauzia wagonjwa wenzake, akiwapunja bila aibu. Watu walitoka hadi Bunda kuja kuuona mguu ule, nao aliunyoosha juu ya kigoda kama malkia, na Bibi Wakuru alisimama pembeni amekunja mikono, shingo imerefuka. Mimi nilijua kwamba wanaomponya ni wawili na kila mmoja anajiona ni peke yake. Nililiona ni jambo la kuchekesha. Nilijiona mjanja kuliko mganga na daktari.

Baadaye, nikiwa na watoto wanne, nilijiandikisha sekondari ya jioni Musoma, nikakaa benchi moja na vijana wa rika la kifungua mimba wangu, na nikafaulu, jambo ambalo nimelitangaza mpaka kwa mbwa wa majirani. Humo ndimo mwalimu wa baiolojia alipotufundisha kwamba mtu wa sukari ana hatari mbili, ya kupanda na ya kushuka, na ya kushuka ndiyo yenye haraka. Akachora ubaoni mtu mwenye matone ya jasho. Anatetemeka, akasema, anaongea ovyo, mara nyingi mwili wenyewe unaomba kitu kitamu. Unampa nini? Akajibu mwenyewe, "Soda. Chai ya sukari. Mpe upesi, akiwa bado anaweza kumeza." Kisha, kwa kutuchangamsha, akasema lile ua la pembeni mwa ngazi za kanisa si pambo tu, watu wa nchi nyingi wanalinywa kwa ajili ya sukari, linaweza kuishusha, na hospitali kubwa zinatumia dawa ya saratani ya damu inayotoka humo. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilikaa huko mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Karibu mwaka ulikuwa umepita pale Butiama wakati Bibi Wakuru alipotangaza kumalizia. Ndivyo alivyomwachia kila mgonjwa: siku tatu za mwisho, maua kumi na nane badala ya tisa, na mgonjwa asile chochote toka chakula cha jioni mpaka jua la saa sita. Baada ya hapo ni kuaga. Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na sato mkavu, Mzee Magesa akaleta maziwa ya mgando kwa ajili ya kutuaga mapema. Nilikuwa namwosha mamdogo mguu, mimi na yeye tu chumbani, nikamwambia, "Mamdogo, kesho asubuhi huli. Basi vidonge uache hizi siku tatu. Dada alisema ukishakula."

"Rebeka alisema viwili ni viwili. Bibi amesema kumi na nane ni kumi na nane. Kati yao mmoja atakuwa anajua."

"Nimwambie bibi?"

Aliutoa mguu kwenye beseni. "Ukimwambia, nitarudi Musoma wakanikate. Unataka wanikate?"

Nikasema sitaki. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu, na hivyo ndivyo nilivyoitumia.

Siku ya kwanza alikuwa mlegevu, analoa jasho, saa sita akala akachangamka. Bibi Wakuru akasema ugonjwa unatoka. Siku ya pili, asubuhi, nilimwacha ameketi mlangoni nikaenda kuchuma. Narudi, maua mkononi, namkuta kanga imemganda mwilini kwa jasho, mikono inatetemeka, na anatabasamu tabasamu ambalo halikuwa lake. "Nyangeta," akasema, "nipe chai. Chai ya sukari. Sukari nyingi." Niliweka kidole mdomoni. Maua yalikuwa hayajazama. "Nyangeta, mwanangu, chai." Akanishika kanga. Nilitikisa kichwa, nikambandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, naapa kwa upole, nikapita. Mzee Magesa kwenye kigoda chake akasema, na siku hiyo hakuna aliyecheka, "Msimpe. Huyo ni kama mlevi anaomba gongo. Si ndicho kinachomuua?" Nilifika jikoni nikayazamisha yote kumi na nane, na neno langu la kwanza likawa, "Bibi, mamdogo anaomba sukari."

Bibi Wakuru alikuja mbio na kikombe cha dawa iliyobaki jana. Alimwangalia, akamshika shingo, akasema sukari imempanda kichwani. Tulimnywesha dawa, mimi nimeshika kichwa, yeye kikombe. Mamdogo alikuwa anamtaja Rebeka na bei za furu. Katika mkoba wangu kulikuwa na nusu kilo ya sukari ya uji wangu mwenyewe, hatua tano kutoka pale. Hakuna aliyekuwepo, hata mtoto, ambaye hakujua kwamba mgonjwa wa sukari hapewi sukari. Kisha mamdogo akakakamaa, macho yakageuka. Tulipata gari la mnunuzi wa pamba, tukamlaza nyuma juu ya magunia, kichwa kwenye mapaja yangu. Nilikuwa naongea njia nzima, sijui nilikuwa nasema nini, nadhani nilikuwa namsimulia habari za fundi baiskeli. Alikufa kabla hatujafika Makutano. Mguu wake ulikuwa umepona kabisa.

Tulimzika Mugango kwa mumewe. Siku ya nne nilitangulizwa Butiama kukusanya vyombo; Rebeka na mjomba Masatu wangefuata kumhoji mganga. Nilimkuta Bibi Wakuru amekaa kwenye godoro letu tupu. Alikuwa amefagia chumba. Mkononi alikuwa na kibahasha cha kaki.

"Kilikuwa kwenye kopo la dagaa," akasema. "Mimi kusoma sijui. Kinasemaje?"

Juu kulikuwa na alama za dawa. Chini, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa Rebeka. Nikasoma kwa sauti, "Mama, baada ya kula. R."

Alipitisha kidole juu ya mwandiko. Nje kuku walikuwa wanaparura. "Alikuwa anameza kila siku?"

"Kila siku."

"Na siku ile ya mwisho?"

"Na siku ile. Alfajiri."

"Basi tulimuua sote," akasema. "Mimi na wewe na binti yake. Binti yake ana miaka mingapi?" Nikamwambia. Akakikunja kibahasha, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole. "Kafukie nyuma ya zizi. Akikuuliza, mwambie mama yake aliacha vidonge. Mwambie mimi nilivikuta nikavitupa chooni."

"Bibi, watakufanya nini?"

"Mimi ni mzee, na nina kanisa langu. Yule ana maisha yote ya kukaa na jambo hili. Nenda."

Nimefikiri sana kama aliyafanya hayo kwa huruma au kwa kiburi, maana mganga ambaye mgonjwa wake maarufu alikuwa ananywa vidonge kwa siri amekwisha mara mbili. Labda yote mawili. Na tusidanganyane, uongo ule ulinifunika mimi pia, ukanifunika vizuri, hata ncha ya kidole haikubaki nje. Nilifukia.

Rebeka alifika saa nne, macho yamevimba, nywele hazijasukwa. Hakumsalimia mtu. Alinivuta bustanini, maua yamemfikia magotini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Vidonge alikuwa anameza?" Niliona anachokiogopa, niliona kimesimama nyuma yake kama mtu.

"Aliacha," nikasema. "Bibi alivikuta, akavitupa chooni."

Alishusha pumzi, mabega yakateremka. Nimeiona pumzi hiyo miaka yote. Kisha uso ukamgeuka, akaenda mpaka mlangoni alikokuwa amesimama Bibi Wakuru na mjomba Masatu. "Ulitupa dawa za mama yangu?"

"Nilitupa," Bibi Wakuru akasema.

"Ulimpa nini badala yake?"

"Maua na maji."

Mjomba Masatu akaanza kusema habari za serikali ya kijiji na wazee wa kanisa, lakini Rebeka alishageuka. Aliinama akashika ua la kwanza, akang'oa, akatupa. La pili. La tatu likakatikia mkononi. Nikaenda kumsaidia, kwa kuwa sikujua mikono yangu niiweke wapi. Tulikuwa tunang'oa bila kuongea, Mzee Magesa anaangalia, wagonjwa wameshika milango, na Bibi Wakuru akaja nyuma yetu akasimama.

"Usikate juu, mwanangu," alimwambia Rebeka. "Vuta na mizizi. Ukiacha mizizi yanachipua."

Tuling'oa mpaka saa sita. Bibi Wakuru aliingia ndani akatoka na maji ya kunywa kwenye vikombe viwili, akaviweka chini karibu nasi, akarudi mlangoni kwake. Rebeka hakuyagusa. Mimi nilikuwa na kiu, nikanywa vyote viwili.